DuckDB kwa Anayeunganisha Data Kubwa: Tathmini kutoka Lubumbashi

Programu ya hifadhidata ninayoitathmini hapa inaitwa DuckDB, nami nimeitumia kwa miezi minane hapa Lubumbashi kwa kazi moja tu: kuunganisha jedwali la vielelezo vya mimea na jedwali la mvua ya kila siku. Nasema kazi moja tu ili msomaji asidhani kwamba nimeijaribu katika mahesabu ya duka au katika kuendesha tovuti. Nilichokuwa nikikitafuta ni chombo kitakachonionyesha mahali kosa lilipo pale ulizo, yaani swali ninaloiandikia hifadhidata, linapokwama au linapoleta jibu la ajabu. Kwa kigezo hicho naipa alama za juu, pamoja na onyo ambalo nitalirudia mara kadhaa: katika kuunganisha data, makosa mabaya zaidi ni yale ambayo hakuna programu inayoyatangaza.

Kazi yenyewe niliipata kwa mwanafunzi wa agronomia ambaye ni jirani yangu hapa Katuba. Alitaka kujua ni mvua kiasi gani ilinyesha katika siku 30 kabla ya kila mmea kukusanywa, hasa mimea inayoota kwenye udongo wenye shaba, ule unaotambulika kusini mwa Katanga kwa vilima visivyo na miti katikati ya miombo. Vielelezo alivipakua kutoka GBIF, mtandao wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2001 ambao unatoa bure kumbukumbu za viumbe hai. Kwa upande wetu, kumbukumbu nyingi zinatokana na mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa Ubelgiji, katika Bustani ya Mimea ya Meise. Mvua aliichukua CHIRPS, data inayotayarishwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayoanzia mwaka 1981 na kugawa ardhi katika miraba ya nyuzi 0.05, yaani takriban kilomita 5.5 kila upande. Ukichukua eneo la longitudo 25 hadi 28 na latitudo −12 hadi −10, linaloanzia magharibi ya Kolwezi na kuishia mashariki ya Lubumbashi, unapata miraba 2,400. Siku za miaka 40, kuanzia 1981 hadi 2020, ni 14,610. Zidisha, na jedwali la mvua lina mistari 35,064,000, ilhali Excel aliyokuwa akiitumia huishia mstari wa 1,048,576. Jioni moja alikuja kwangu na laptopu yake ikiwa imefunguliwa, akasema: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu hapa), mvua imekataa kukaa pamoja na mimea."

DuckDB ilizaliwa Amsterdam, katika taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta iitwayo CWI, mikononi mwa Mark Raasveldt na Hannes Mühleisen. Ilitolewa kwa umma mwaka 2019, na toleo la 1.0 likatoka Juni 2024. Leseni yake ni ya MIT, kwa hiyo hakuna malipo, hakuna kujisajili, na mwanafunzi anaweza kumgawia mwenzake kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote. Haihitaji seva wala msimamizi: unapakua faili moja, unalifungua, unaanza kuandika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Data huhifadhiwa safu kwa safu badala ya mstari kwa mstari, hivyo ulizo linalohitaji safu nne kati ya hamsini za GBIF husoma hizo nne tu na kuziacha nyingine zilale. Kwa laptopu yangu yenye RAM ya gigabaiti 8, jambo hilo peke yake lilikuwa tofauti kati ya kufanya kazi na kutofanya. PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa kama seva, ni programu ninayoiheshimu, na kwa ofisi yenye watu kumi wanaoandika data kwa wakati mmoja ningeichagua hiyo bila kusita. Lakini kwa mtu mmoja na mashine moja, kazi ya kuisimika na kuitunza ni kubwa kuliko swali analotaka kulijibu.

Nianze na makosa yanayosema, kwa kuwa hapo ndipo DuckDB ilipoonyesha ukarimu wake mapema. Ukiandika jina la safu isiyokuwepo, haikuachii ujumbe mkavu wa kukataa. Inakutajia majina yanayokaribiana na lile uliloliandika, na mara nyingi la kwanza ndilo ulilolikusudia. Ukitaja safu ya tarehe bila kusema ni ya jedwali lipi, ilhali majedwali yote mawili yana tarehe, inakwambia kwamba jina hilo lina utata na inakuonyesha namna mbili za kuliandika kikamilifu. Ukijaribu kulinganisha nambari ya kielelezo iliyosomwa kama maandishi na nambari ileile iliyosomwa kama namba kamili, inakataa na kukutaka ugeuze aina moja waziwazi. Kuna watu wanaoudhika na ukali huo. Mimi naupenda, kwa sababu programu inayogeuza aina kimyakimya ndiyo itakayokupotezea mistari bila kukuambia.

Kusoma mafaili ni suala jingine, nalo linastahili uvumilivu. Faili la GBIF linaitwa CSV lakini kinachotenganisha safu ndani yake ni tabo, si mkato, na ndani ya maelezo ya wakusanyaji kuna alama za nukuu zilizofunguliwa na hazikufungwa. Kama hukuiambia programu ipuuze alama za nukuu, inaweza kumeza mistari mingi ikidhani bado iko ndani ya sentensi moja. DuckDB hukisia aina ya kila safu kwa kuangalia mistari 20,480 ya mwanzo. Kwa jedwali letu safu ya mwinuko ilikuwa namba safi kwa maelfu ya mistari, kisha mbele kabisa mtu mmoja akawa ameandika neno la Kifaransa "environ" (takriban) mbele ya 1,300, na usomaji ukasimama hapo. Ujumbe ulitaja nambari ya mstari, ukaonyesha mstari wenyewe, ukataja safu, na ukapendekeza njia za kutoka, ikiwemo kuagiza faili zima lichunguzwe kabla ya kukisia au kuitaja aina ya safu sisi wenyewe. Sijawahi kupata ujumbe wa kosa uliofanya kazi ya mwalimu namna hiyo.

Hata hivyo, miongoni mwa njia hizo iko ile ya kupuuza mistari yenye makosa, na hiyo namsihi kila mtafiti asiiguse mpaka aelewe anachokipoteza. Ipo nyingine iliyo bora, ya kuihifadhi mistari iliyokataliwa katika jedwali la pembeni, ambapo unaikuta pamoja na sababu ya kila mmoja kukataliwa. Tulipofanya hivyo, tuligundua kwamba sehemu kubwa ya mistari iliyokataliwa ilitoka katika faili moja la vipimo vya udongo ambalo mwanafunzi alipewa na watu wa hapa mjini. Lilikuwa limeandikwa kwa mpangilio wa Kifaransa, ambapo 27,48 ni ishirini na saba nukta arobaini na nane, na herufi zake zilikuwa za usimbaji wa kale wa Latin-1, hivyo kila "é" ilikuwa jiwe njiani. DuckDB ina chaguo la kuitaja alama ya desimali na chaguo la kuutaja usimbaji. Dakika tano, na faili likasomeka lote.

Tarehe zilitutesa zaidi. Katika vielelezo vya zamani, tarehe ya kukusanya huweza kuwa "1957" peke yake, au "1957-12", au muda mzima kama "1957-12-01/1957-12-15". Ukiziamuru zigeuke kuwa tarehe, ulizo linakufa kwa kosa la ugeuzaji. Ukitumia TRY_CAST, kila isiyogeuka inakuwa nafasi tupu na ulizo linaendelea kwa furaha. Hapo ndipo onyo langu linapoanza kuwa na uzito: TRY_CAST haikuponya kosa, imelinyamazisha. Nafasi tupu hailingani na kitu chochote katika muungano, hata na nafasi tupu nyingine, kwa hiyo kielelezo hicho kitaondoka jedwalini bila kuaga. Tangu siku ile, kila nikiandika TRY_CAST naandika na ulizo la pili la kuhesabu nafasi tupu ngapi zimezaliwa, na nazisoma baadhi kwa macho yangu.

Sasa nifike kwenye kosa lililomleta mwanafunzi kwangu. Ulizo lake la kwanza liliendeshwa kwa dakika kadhaa, feni ya laptopu ikapiga kelele, kisha DuckDB ikasema kumbukumbu imekwisha na ikataja kiasi kilichotumika na kiasi kilichoruhusiwa. Yeye alihitimisha kwamba mashine yake ni dhaifu, akaanza kuulizia bei ya RAM. Nilimwomba asinunue kitu. Kwa kawaida DuckDB hujiwekea mpaka wa asilimia 80 ya RAM, na yapo mambo ya kurekebisha: kushusha mpaka huo ili mashine ibaki na pumzi, kupunguza idadi ya nyuzi za uchakataji, kutaja folda ya muda kwenye diski yenye nafasi, na kuiruhusu isijali mpangilio wa mistari. Yote hayo tuliyafanya. Ulizo likafika mbali zaidi, likaanza kumwaga data diskini kama ilivyoundwa kufanya, na diski nayo ikaanza kujaa. Kosa la kumbukumbu, mara nyingi, si habari kuhusu kumbukumbu. Ni habari kuhusu muungano.

Tulichukua vielelezo kumi tu badala ya 12,000, tukaendesha ulizo lilelile kwa amri ya EXPLAIN ANALYZE. Amri hii huchora mti wa hatua za ulizo ndani ya visanduku, na kila kisanduku kinaonyesha mistari mingapi imetoka na muda uliotumika. Tuliusoma kutoka chini kwenda juu. Chini kulikuwa na visanduku viwili: kimoja kilisoma vielelezo 10, kingine kilisoma mvua. Juu yake kulikuwa na kisanduku cha muungano, nacho kilitoa mistari 146,100. Nikamwuliza mwanafunzi: kielelezo kimoja kimepata mistari mingapi? Akagawanya: 14,610. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe kwamba hizo ni siku zote za miaka 40. Alikuwa ameunganisha kwa mraba peke yake. Sharti la tarehe alilisahau, akaliweka baadaye kabisa ndani ya hesabu ya jumla. Kwa vielelezo 12,000, muungano ule ungezaa mistari 175,320,000. Tulipoongeza sharti kwamba siku ya mvua iwe kati ya siku ya 30 kabla ya kukusanywa na siku ya mwisho kabla yake, idadi ya juu kabisa ikawa 12,000 mara 30, yaani 360,000, na laptopu ileile iliyodhaniwa kuwa dhaifu ikamaliza kabla hatujakaa sawasawa kwenye viti. Kwa mchoro ule wa visanduku peke yake ningeipendekeza DuckDB kwa maabara yoyote ya hapa.

Kuzaana kwa mistari kuna chanzo kingine ambacho watu wa mimea wanakijua na watu wa kompyuta hawakijui. Mkusanyaji anapokata mmea porini, mara nyingi hukausha matawi kadhaa ya mmea uleule chini ya nambari moja, kisha matawi hayo hugawanywa kwa makumbusho mbalimbali ya mimea. Kila makumbusho huingiza tawi lake kama kumbukumbu inayojitegemea. Ukiunganisha majedwali mawili kwa jina la mkusanyaji na nambari yake, na kila jedwali lina nakala tatu, hupati mistari mitatu bali tisa, na wastani wako wa mvua unavutwa upande wa mimea iliyogawanywa sana. Hakuna kosa litakaloonekana. Dawa ni kuhesabu kila ufunguo unatokea mara ngapi kabla ya kuunganisha, na kuamua mapema ni nakala ipi itakayowakilisha nyingine.

Kosa la kinyume, lile la kupata mistari sifuri, ndilo lililonichukua usiku mzima. Nilikuwa nimetengeneza kwa kila kielelezo latitudo na longitudo za kitovu cha mraba wake, nikaziunganisha na vitovu vya CHIRPS kwa alama ya usawa. Mraba unaobeba katikati ya Lubumbashi una kitovu −11.675 na 27.475. Niliziona kwa macho pande zote mbili, zimeandikwa hivyo hivyo, na bado hazikukutana. Sababu ni kwamba upande wa mvua namba zilihifadhiwa kwa biti 32 na upande wangu kwa biti 64. Katika biti 32, −11.675 haiwezi kuandikwa sawasawa. Kinachohifadhiwa ni takriban −11.67500019. Skrini inazungusha na kukuonyesha namba nzuri, lakini alama ya usawa haitazami skrini. Usiunganishe kamwe kwa namba za desimali.

Njia sahihi ni kugeuza kila nukta kuwa nambari kamili ya mraba. Zidisha kwa 20, kwa kuwa nyuzi 0.05 ni sehemu moja ya ishirini, kisha chukua floor, yaani namba kamili iliyo chini yake. Kwa kielelezo kilichokusanywa latitudo −11.66, unapata −233.2, na floor yake ni −234. Kitovu cha CHIRPS kinakupa −233.5, na floor yake pia ni −234. Vimekutana. Lakini mwanafunzi, kwa haraka, alitumia CAST badala ya floor, na katika DuckDB kugeuza desimali kuwa namba kamili ni kuzungusha hadi iliyo karibu zaidi, hivyo −233.2 ikawa −233. Kielelezo kikapewa nambari isiyo ya mraba wake. Sisi tulio kusini mwa ikweta tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwa kuwa mifano mingi mitandaoni huandikwa na watu ambao latitudo zao ni chanya, na namba hasi hazifuati mazoea yao.

Kuhusu majina, ningeweza kuandika kurasa nyingi, kwa sababu hapa historia yetu yote imo ndani ya ufunguo. Jiji hili liliitwa Elisabethville hadi 1966, na Likasi iliitwa Jadotville. Katika vielelezo tulikuta Elisabethville, Élisabethville yenye alama juu ya herufi, na Lubumbashi, kila moja ikiwa neno tofauti machoni pa hifadhidata. Mgodi wa Etoile umeandikwa kwa Kifaransa na wengine, kwa Kiingereza na wengine kama Star of the Congo, na wenyeji tunauita Kalukuluku. Ni mahali pamoja. Mkoa uliitwa Katanga, kisha Shaba katika miaka ya Zaire, kisha Katanga tena, na mwaka 2015 ukagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Anayeunganisha kwa jina la mkoa anafuta vizazi viwili vya wakusanyaji. DuckDB ina kazi ya kuondoa alama juu ya herufi, strip_accents, nayo inasaidia. Lakini hakuna programu itakayojua kwamba Jadotville na Likasi ni mji mmoja. Jedwali la majina ya kale na mapya tuliliandika kwa mkono, tukisaidiwa na wazee wawili waliofanya kazi migodini, na naamini ndilo jedwali la thamani kuliko yote katika faili letu.

Majina ya mimea nayo yana tabia hiyo. GBIF huandika jina la kisayansi pamoja na waandishi wake, Haumaniastrum katangense (S.Moore) P.A.Duvign. & Plancke, na orodha ya shambani ya mwanafunzi iliandika maneno mawili ya mwanzo tu. Mmea huo, ua maarufu la shaba, uliwahi pia kuitwa Acrocephalus katangensis, na vielelezo vya zamani vingeweza kuwa na lebo hiyo. Unganisha kwa nambari ya spishi inayokubalika, ambayo GBIF huitoa katika safu yake.

Jambo moja zaidi la kimya, nalo hutokea kwa waliozoea SQL kuliko wanaoanza. Ukitaka vielelezo vyote vibaki hata visivyo na mvua, unatumia LEFT JOIN. Ukiandika kisha sharti la tarehe ya mvua katika WHERE badala ya kuliandika ndani ya muungano wenyewe, umevifukuza tena vyote visivyo na mvua. Kwetu vilikuwa vingi mno, kwa kuwa wakusanyaji wengi walipita hapa kabla ya 1981 na CHIRPS haikuwepo.

Silaha niliyoitegemea dhidi ya ukimya huu ni ANTI JOIN, ambayo DuckDB inaikubali kama amri ya kawaida: inakupa mistari ya jedwali la kwanza ambayo haikupata mwenzake. Mama anayenunua mahindi sokoni huhesabu meka zake, yaani vipimo vya nafaka, kabla ya kufunga mfuko na huzihesabu tena nyumbani, nasi tulijiwekea sheria hiyohiyo: idadi kabla, idadi baada, na waliobaki nje wasomwe kwa majina. Amri ya SUMMARIZE iliongeza jicho jingine, kwa kuwa huonyesha kiwango cha chini na cha juu cha kila safu. Kwa amri hiyo tuliona mvua ya chini kabisa ikiwa −9999. CHIRPS huandika hivyo pale isipokuwa na kipimo, na siku moja tu ya namna hiyo ingeharibu jumla ya mwezi mzima wa masika.

Kwa mazingira yetu, DuckDB ina faida ambazo mtu wa Amsterdam huenda hazifikirii sana. Umeme ulikatika mara nyingi tukiwa kazini. Ulizo lililokuwa likiendelea lilipotea, bila shaka, lakini faili la hifadhidata lilifunguka kila mara likiwa na yote yaliyokuwa yamekwisha kuthibitishwa. Inaweza pia kusoma faili la Parquet (aina ya faili linalohifadhi data safu kwa safu) lililoko mbali kupitia intaneti na kuchukua sehemu zinazohitajika tu, jambo kubwa kwa anayenunua mega kwa siku. Kiendelezi kinachofanya kazi hiyo, pamoja na kile cha ramani, hupakuliwa mara ya kwanza vinapohitajika, hivyo vipakue ukiwa na mtandao mzuri kabla ya kwenda shambani.

Mapungufu yapo, na mengine yameelezwa wazi na watengenezaji wenyewe. Ni programu moja tu inayoweza kufungua faili kwa kuandika kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akiacha dirisha lake wazi, mimi nakuta kufuli. Kumwaga data diskini hakufanyi kazi kwa kila hesabu: zile zinazokusanya orodha ndefu au kuunganisha maandishi ya mistari mingi bado zinataka yote yakae kwenye RAM. Nyaraka rasmi ni nzuri sana ila ziko kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa hapa aliyesomeshwa kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili anazisoma kwa taabu. Nilimtafsiria kurasa za miungano na za usomaji wa CSV, na ningefurahi kuona mtu mwenye muda zaidi akizitafsiri zote.

Ningeipendekeza kwa mtafiti mmoja au kikundi kidogo chenye data ya mistari mamilioni, laptopu ya kawaida na subira ya kusoma ujumbe wa makosa mpaka neno la mwisho. Anayetaka vitufe vya kubofya hatapata raha nayo, na ofisi yenye watu wengi wanaoingiza data pamoja itafute seva.

Jedwali la mwisho la jirani yangu lilikuwa dogo kuliko alivyotarajia, kwa kuwa vielelezo vilivyokusanywa tangu 1981 na vyenye tarehe kamili ni vichache kati ya vile 12,000. Kabla hajalipeleka kwa mwalimu wake, tuliongeza safu moja inayohesabu siku za mvua zilizoingia katika kila jumla. Karibu zote zilikuwa 30. Kielelezo kimoja cha tarehe 10 Januari 1981 kilikuwa na 9, kwa sababu nyuma ya tarehe 1 Januari ya mwaka huo hakuna data. Jumla yake ilionekana ya kawaida kabisa kwa macho, na kama si safu ile ingeingia kwenye tasnifu kama mvua ya siku 30. Alikiondoa, akaandika sababu chini ya jedwali.